Mwanga Ulipokuwa Mzito Kuliko Maada

Muulize mtu yeyote anayefuatilia sayansi kwa nini wanafizikia wanaamini kuna maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu, naye karibu kila mara atakujibu kwa habari za galaksi zinazozunguka kasi kupita kiasi. Atamtaja Vera Rubin, ambaye yeye na mwenzake Kent Ford walichapisha mwaka 1970 vipimo vya mwendo wa mawingu ya gesi katika galaksi ya Andromeda. Mawingu ya pembezoni, yaliyotazamiwa kwenda polepole, yalikuwa yanakimbia karibu sawa na yale ya ndani. Jibu hilo ni sahihi, lakini iko hoja nyingine nzito zaidi, na naona tunawapunja wasomaji kila tunapoishia kwa Rubin. Hoja hiyo inatoka katika miaka elfu hamsini ya kwanza ya ulimwengu, wakati ambapo hapakuwa na galaksi hata moja ya kuzunguka. Inahusu muda. Kama maada pekee iliyopo ni hii ya atomu, ulimwengu haukuwa na muda wa kutosha kutengeneza galaksi yoyote, hata hii tunamoishi.

Ili kuiona hoja hiyo, lazima kwanza tujue nani alikuwa anaendesha mwendo wa kutanuka kwa ulimwengu.

Mwaka 1922 Aleksandr Friedmann, mwanahisabati wa Petrograd nchini Urusi, aliichukua milinganyo ya Einstein akatoa humo kanuni fupi ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kosmolojia. Ukiacha mpindo wa anga, ambao vipimo vinaonyesha ni karibu na sifuri, kasi ya kutanuka ikipigwa kipeo cha pili inalingana na msongamano wa vyote vilivyomo. Msongamano ni kiasi cha nishati, pamoja na uzito, kilichomo katika kila mita ya ujazo. Ukiongezeka mara nne, kasi ya kutanuka inakuwa maradufu. Friedmann alifariki mwaka 1925 kwa homa ya matumbo akiwa na umri wa miaka 37, kabla Georges Lemaître hajafika kwenye matokeo kama hayo mwaka 1927 na kabla Edwin Hubble hajachapisha mwaka 1929 vipimo vilivyoonyesha galaksi zinatukimbia. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa ameeleza ulimwengu halisi.

Kanuni yake haijali aina ya kitu kilichomo. Aina inaanza kuhesabika anga linapotanuka, kwa sababu vitu havipungui kwa namna moja. Chukua sanduku la anga lenye upande wa mita moja, kisha lisubiri litanuke mpaka kila upande ufike mita mbili. Ujazo umekuwa mara nane. Atomu zilizokuwamo ni zilezile, kwa hiyo msongamano wa maada umebaki sehemu moja ya nane. Fotoni nazo, yaani chembe za mwanga, hazijapungua idadi, ila kila moja imenyooshwa pamoja na anga. Urefu wa wimbi lake umekuwa maradufu, na nishati yake imebaki nusu. Kwa hiyo msongamano wa mnururisho, yaani mwanga na chembe nyingine zinazokimbia kama mwanga, umebaki sehemu moja ya kumi na sita. Maada inapungua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa, mnururisho kwa kipeo cha nne. Tofauti ya kipeo kimoja tu, lakini historia nzima ya ulimwengu mchanga imebebwa na kipeo hicho.

Leo mnururisho ni mnyonge kabisa. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena iliyoko Holmdel, New Jersey, walinasa mvumo hafifu uliotoka kila upande wa anga, na mwaka 1965 ikajulikana kuwa ni masalia ya joto la mwanzo. Joto hilo sasa ni kelvini 2.725, yaani nyuzi chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Kila mita ya ujazo ya ulimwengu ina takriban fotoni milioni 411 za aina hiyo, wakati atomu haifiki hata moja: kwa wastani ni robo ya atomu katika mita ya ujazo. Hata hivyo fotoni hizo zimechoka kiasi kwamba robo ya atomu inazizidi zote kwa nishati karibu mara elfu moja. Ukijumlisha maada yote, ya kawaida na ya giza, kisha upande wa pili ukajumlisha fotoni na nyutrino, chembe nyepesi mno ambazo ni nadra kugusana na kitu, kama zilivyokuwa zamani zikikimbia kwa kasi ya karibu na mwanga, maada inazidi takriban mara 3400.

Sasa rudi nyuma. Kila unapolikunja anga mara mbili, pengo hilo linapungua mara mbili. Kwa hiyo ile 3400 inatuambia pia lini pande mbili zilikuwa sawa: wakati umbali wowote kati ya vitu viwili ulipokuwa sehemu moja ya 3400 ya ulivyo leo. Ukiweka hesabu hiyo katika kanuni ya Friedmann unapata umri wa miaka 50,000 hivi. Kabla ya hapo, mwanga ndio uliokuwa mzito.

Uzito huo haukuwa mdogo. Ulimwengu ulipotimiza sekunde moja, joto lilikuwa kama kelvini bilioni 10, na kila sentimita moja ya ujazo, ukubwa wa kete ya kuchezea ludo, ilikuwa na mnururisho wenye uzito wa kilo mia nne na zaidi. Ndani ya kete hiyohiyo, maada ya giza na ya kawaida kwa pamoja hazikufika gramu moja. Maada ya kawaida peke yake ilikuwa nyepesi kuliko maji. Naomba msomaji asiipite haraka picha hii. Tumezoea kufikiri mwanzo kulikuwa na maada iliyobanwa sana, kumbe maada ilikuwa vumbi chache ndani ya bahari nzito ya fotoni, nyutrino, elektroni na pozitroni, ambazo ni pacha za elektroni zenye chaji chanya.

Tunajuaje? Kwa gesi ya heli. Katika sekunde zile za mwanzo protoni na nyutroni, chembe zinazojenga viini vya atomu, zilikuwa zinabadilishana, na joto liliposhuka mabadilishano yalikatika, zikabaki nyutroni chache kuliko protoni. Idadi iliyobaki ilitegemea kasi ya kutanuka: ulimwengu ukitanuka haraka, mabadilishano yanakatika mapema na nyutroni zinabaki nyingi. Na kasi hiyo, kama tulivyoona, ilipangwa na msongamano wa mnururisho. Hesabu inatoa nyutroni moja kwa protoni saba ilipofika dakika ya tatu hivi, viini vilipoanza kushikana. Chukua chembe kumi na sita: nyutroni mbili, protoni kumi na nne. Nyutroni mbili zinaungana na protoni mbili kufanya kiini kimoja cha heli chenye uzito wa nne. Nne kati ya kumi na sita ni robo. Wanaastronomia wakipima gesi katika galaksi changa ambazo nyota hazijaichafua sana, wanakuta heli ni karibu robo ya uzito.

Kuna jambo katika hesabu hii linalonifurahisha kila ninapolirudia. Laiti kungekuwa na aina ya nne ya nyutrino nyepesi, mnururisho ungekuwa mzito zaidi, kutanuka kungekuwa kwa haraka zaidi, na heli ingezidi. Mwaka 1977 Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walitumia heli kuweka kikomo cha idadi ya aina za nyutrino, wakati hakuna mashine duniani iliyoweza kuzihesabu. Mwaka 1989 LEP, mashine ya kugonganisha chembe ya kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, ilizihesabu kwa njia isiyohusiana kabisa na nyota: tatu. Kwa hiyo anayesema kosmolojia ni hadithi tu zisizopimika, inambidi aeleze kwa nini gesi ya galaksi za mbali na mashine iliyochimbiwa chini ya ardhi Ulaya zinakubaliana.

Turudi kwenye muda, maana ndiko hoja iliko.

Galaksi inazaliwa pale sehemu yenye maada nyingi kidogo inapovuta maada ya jirani, ikazidi kuwa nzito, ikavuta zaidi. Lakini uvutano unahitaji muda, na anga linalotanuka haraka halitoi muda. Ni sawa na kuita watu mkutanoni huku barabara zinazowaleta zinarefuka kwa kasi kuliko hatua zao: wameshaanza safari, wanatembea, lakini hawakaribii. Mwaka 1974 Péter Mészáros alionyesha kwa hesabu kwamba wakati mnururisho ulipotawala, mabonge ya maada yalikuwa karibu yamesimama. Mwanga mzito uliendesha kutanuka kwa kasi, na wenyewe haukubali kukusanyika, kwani shinikizo lake linausambaza kila unapobanwa. Ni baada ya mwaka ule wa 50,000, maada ilipochukua uongozi, ndipo mabonge yalipoanza kukua kwa uwiano sawa na ukubwa wa anga: anga likitanuka mara kumi, tofauti ya msongamano inakuwa mara kumi.

Hilo peke yake lingekuwa kuchelewa kwa kawaida. Balaa ni kwamba maada ya atomu ilikuwa na kifungo kingine. Mpaka ulimwengu ulipofika miaka 380,000 hivi, joto likiwa kelvini 3000, elektroni zilikuwa huru na zilikuwa zinagongana na fotoni bila kukoma. Maada ya kawaida ilikokotwa na mwanga. Haikuweza kuporomokea kwenye bonge lolote, kwa sababu kila ilipojaribu, shinikizo la mwanga liliirudisha nyuma. Iliachiliwa tu atomu zilipotengenezeka na mwanga ukapata njia ya kwenda zake. Tangu siku hiyo mpaka leo anga limetanuka takriban mara 1100. Maana yake, mabonge ya maada ya atomu yamepata nafasi ya kukua mara elfu moja hivi na si zaidi.

Hapa ndipo vipimo vinapoingia. Katika miaka ya 1970 watafiti walitafuta kwenye mnururisho wa masalia alama za mabonge hayo. Kama galaksi zimetoka kwenye maada ya kawaida peke yake, joto lilipaswa kutofautiana kati ya upande na upande wa anga kwa kiasi kama sehemu moja ya elfu. Hawakuona kitu. Vifaa vikaboreshwa, wakatafuta sehemu moja ya elfu kumi, bado kimya. Setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ndiyo iliyoyaona mabonge hatimaye, na matokeo yakatangazwa mwaka 1992: tofauti ni takriban sehemu moja ya laki moja. Zidisha kwa elfu moja. Unapata asilimia moja. Ulimwengu wa leo ungekuwa ukungu wa gesi uliotandazwa sawasawa, wenye mawimbi madogo ya asilimia moja au asilimia chache hapa na pale, bila nyota wala sayari. Na muda tulio nao hasa ni mfupi kuliko huo: galaksi JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa mwaka 2024 baada ya kuonwa na darubini ya James Webb, ilikuwa tayari inang'aa ulimwengu ukiwa na umri wa karibu miaka milioni 300.

James Peebles wa Princeton aliliona tatizo hili kabla COBE haijaruka. Mwaka 1982 alipendekeza kwamba sehemu kubwa ya maada haigongani na mwanga kabisa. Maada ya namna hiyo haikuwa na sababu ya kusubiri miaka 380,000. Mara tu mnururisho ulipopoteza utawala, ilianza kujikusanya kimyakimya huku atomu zikiendelea kuyumbishwa na mwanga. Kifungo cha atomu kilipofunguliwa, mashimo ya uvutano yalikuwa yamekwisha kuchimbwa, zikaporomokea humo moja kwa moja. Peebles alikadiria pia kwamba alama kwenye mnururisho zingekuwa ndogo sana, na ndivyo ilivyokuja kuonekana. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel.

Jaribu kuiondoa maada ya giza uone kinachotokea. Maada ya kawaida ni karibu sehemu moja ya sita tu ya maada yote, kwa hiyo wakati wa usawa unasogea mbele: mnururisho unatawala mpaka anga lifike kama sehemu moja ya 530 ya ukubwa wa leo, badala ya 3400. Huo ni muda baada ya atomu kuachiliwa. Yaani hata baada ya kufunguliwa kifungo, maada ingekutana na kutanuka ambako bado kunaendeshwa na mwanga. Ingefungiwa mara mbili. Kwangu mimi hesabu hii ina nguvu kuliko mzunguko wa galaksi elfu, kwa sababu mzunguko wa galaksi unaweza kuelezwa kwa kurekebisha sheria ya uvutano, kama Mordehai Milgrom alivyofanya mwaka 1983, tena kwa ustadi wa kuheshimiwa. Upungufu wa muda hautibiki kirahisi hivyo.

Wapo waliojaribu. Mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walitoa nadharia inayofuata njia ya Milgrom na inayolingana pia na mnururisho wa masalia. Ni kazi kubwa na sipendi kuona ikibezwa. Lakini angalia walichohitaji: uga mpya, yaani kitu kilichoenea angani kote, ambao katika ulimwengu mchanga unapungua kwa kipeo cha tatu cha ukubwa, hausukumwi na mwanga, na unavuta. Jina ni jingine, kazi ni ileile. Daftari la msongamano, yaani hesabu ya vyote vilivyomo ulimwenguni, liliwadai kitu chenye tabia hiyo, nao wakakilipa.

Daftari lenyewe limehifadhiwa vizuri ajabu. Ile supu ya mwanga na atomu ilikuwa inatetemeka kwa mawimbi ya sauti, na setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, imeyapima kwa undani. Mawimbi mafupi, yaliyoanza kutetemeka wakati mnururisho unatawala, yalipata msukumo wa ziada: mashimo ya uvutano yaliyotengenezwa na mwanga wenyewe yalififia mwanga ulipotawanyika, na kufifia huko kuliangukia wakati unaofaa kabisa kulirusha wimbi juu zaidi. Mawimbi marefu, yaliyoanza baadaye maada ikiwa imeshika uongozi, hayakupata msukumo huo. Ukichora nguvu ya mawimbi hayo kwa urefu wake unapata mfululizo wa vilele, na ukilinganisha kimo cha kilele cha tatu na cha vile vya kwanza, unasoma moja kwa moja nani alitawala na mpaka lini. Namba 3400 inatoka hapo.

Ile sehemu moja ya sita nayo una shahidi mwingine, na shahidi huyo ana mizizi pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani tu, na kati ya ilivyoviona ni makundi ya galaksi yaliyojaa gesi yenye joto kali. Gesi hiyo ilipokuja kupimwa uzito na kulinganishwa na uvutano wa kundi zima, ilionekana maada ya kawaida ni sehemu ndogo tu ya jumla, karibu na ule uwiano ambao Planck imeusoma kwenye mawimbi ya miaka 380,000.

Nasema haya yote kwa sababu mjadala wa sasa kuhusu kasi ya kutanuka umewafanya wengi waandike kana kwamba kila kitu kimebomoka. Planck, kwa kutumia ulimwengu mchanga, inatabiri kasi ya leo kuwa kilometa 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26 hivi. Adam Riess na wenzake, wakipima nyota na supanova (nyota zinazolipuka) za karibu, wanapata takriban 73. Tofauti hiyo ni ya kweli na inasumbua. Dawa iliyojaribiwa sana ni kuongeza kitu katika daftari la mwanzo: mnururisho wa ziada, au aina fulani ya nishati ya giza, yaani nishati isiyojulikana inayosukuma anga litanuke, iliyochangia kama asilimia kumi ya msongamano karibu na ule wakati wa usawa, kisha ikatoweka. Mnururisho wa ziada unagonga ukuta wa heli na wa Planck, ambayo inahesabu aina za nyutrino kuwa 2.99, huku kiasi cha kukosea kikiwa 0.17. Ile nishati ya muda mfupi haijafungiwa njia, lakini inabidi iwashwe na kuzimwa kwa wakati maalumu mno, na sijaona bado sababu ya kuridhisha ya kwa nini iwe hivyo.

Kinachonikosesha utulivu zaidi ni nyutrino. Hizi zilihama upande: mwanzoni zilihesabiwa pamoja na mnururisho, baadaye anga lilipopoa zikapungua mwendo na kuhesabiwa na maada. Majaribio ya hapa duniani yanasema jumla ya uzito wa aina zake tatu haiwezi kuwa chini ya takriban elektronivolti 0.06 (kipimo kidogo mno kinachotumika kupima chembe). Mwaka 2024 mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi kutoka Kitt Peak, Arizona, ulipounganisha data zake na za Planck uliweka kikomo cha juu cha 0.072. Nafasi iliyobaki ni nyembamba sana. Kikomo hicho kikishuka chini ya 0.06, kutakuwa na kosa mahali fulani katika daftari, na itabidi kila ukurasa ukaguliwe. Mimi ningeanza na kurasa za mwisho, za nishati ya giza, ambako DESI yenyewe imeshatoa dalili kwamba huenda msongamano wake haubaki palepale kama tulivyodhani. Kurasa za miaka 50,000 ya kwanza zimeshakaguliwa na heli, na CERN, na vilele vya Planck, na makundi ya galaksi, kila mmoja kwa njia yake, na hesabu zao zinakutana.